Bendera na Jirani Yetu Askari

Wiki hii tunaiacha pwani, twende hadi Embulbul, njia ya Ngong, katika Kaunti ya Kajiado.

Bendera ya taifa iliyopandishwa tarehe 12 Desemba 1963 ina ngao ya Kimaasai katikati. Kwa mwenyeji wa Embulbul, basi, moyo wa bendera ni chombo cha nyumbani kwa babu yake. Sisi wa pwani tuna kumbukumbu nyingine. Hadi mwaka huo bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar ilipepea Mombasa juu ya Ngome ya Yesu. Wazee wetu wako walioishuhudia ikishuka kwa furaha, na wako waliolia. Hatuoni aibu kuyataja yote mawili.

Lakini yuko jirani wa tatu, naye ni Mwislamu mwenzetu: Mnubi wa Kibera, mwendo mfupi tu kutoka Embulbul. Wahenga wake walitoka Sudani wakiwa askari wa Mwingereza, wakaingia katika jeshi la King's African Rifles. Walipigana chini ya bendera isiyokuwa yao, wengine wakafika hadi Burma katika Vita vya Pili vya Dunia. Malipo yao yalikuwa ruhusa ya kukaa msituni Kibera, mahali palipotangazwa kuwa ardhi ya jeshi mwaka 1918. Ruhusa, si hati. Na hapo ndipo fundo lilipo.

Bendera ilipobadilika, askari mstaafu alikuta ile ya zamani imeondoka na deni lake, na mpya haimtambui. Wajukuu walipofika umri wa kitambulisho walipelekwa mbele ya kamati za kuwahoji, wakadaiwa karatasi za wazazi na mababu, ilhali kijana wa kabila jingine alikwenda akarudi nacho bila maswali hayo. Bila kitambulisho hakuna kazi ya serikali, wala akaunti ya benki. Asubuhi shuleni mtoto huiimbia bendera wimbo wa taifa kama wenzake wote.

Machi 2011, Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya imevunja haki za watoto wa Kinubi. Juni 2017 jamii hiyo ikakabidhiwa hatimiliki ya ekari 288, kutoka katika ardhi ambayo zamani ilizidi ekari 4,000. Ni kidogo, nasi hatutaiita zawadi.

Mama mwenye nishani ya babu sandukuni, au karatasi yake ya kuachishwa jeshi, tunamsihi asiichome wakati wa kufagia nyumba kwa ajili ya Idi. Aifunge pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya wanawe, na nakala yake aiweke kwa ndugu.