Vespa ya babu yao ni ya nani?

Wazazi wenzangu, wiki hii kesi ni ya nyumbani kwangu, hapa Wasso.

Kijana wangu wa miaka 17 aliniletea daftari lililochorwa pikipiki. Nilipoangalia vizuri nikaitambua: ni Vespa ya marehemu baba yangu, ile iliyoko stoo. Ila kwenye mchoro vifuniko vya nyuma vimekatwa, ekzosi imeondolewa ili ingurume, siti ni ya Boxer, na taa za rangi zimezunguka kama za vijana wa stendi. Chini ameandika: "Baba, naomba ruhusa."

Nikamjibu neno moja tu: hapana.

Baba yangu alikuwa mwalimu. Vespa hiyo ndiyo iliyompeleka kazini, na usiku mmoja wa malaria ndiyo iliyomfikisha dada yangu mdogo hospitali, mama akiwa nyuma amemfunga kwa shuka. Leo mtoto anataka kuikata kwa msumeno!

Kijana akanijibu kwa adabu, na adabu ile ndiyo iliyoniuma zaidi: "Sawa, baba. Lakini mnaiita urithi, na kuku ndio wanaolala juu yake."

Nilikwenda stoo kuhakikisha. Kuku walikuwepo.

Nikaanza kuisoma historia ya kitu nilichokuwa nakitetea bila kukijua. Kampuni ya Piaggio ya Italia ilikuwa ikitengeneza ndege, na baada ya Vita Kuu ya Pili ikageukia usafiri wa bei nafuu. Vespa ilitoka mwaka 1946. Jina hilo kwa Kiitaliano ni nyigu. Miaka miwili baadaye wakatoa ya magurudumu matatu, wakaiita Ape, yaani nyuki. Bajaj ya India nayo ilianza kwa kuunda Vespa kwa leseni katika miaka ya 1960. Kwa hiyo bajaji unayopanda kwenda sokoni ni mjukuu wa nyuki huyo. Na ukienda Unguja, utakuta Vespa za zamani bado ziko barabarani, zimepakwa rangi upya, mafundi wanazifufua na wenyewe wanazitumia kila siku.

Nikajiuliza: kama Unguja zinatembea, ya kwetu inangoja nini?

Nikampigia kaka yangu aliyeko Karatu. Kabla sijamaliza akasema, "Hiyo ni ya mtoto wa kwanza, niletee huku." Dada akasema iuzwe, tugawane. Watu ambao kwa miaka yote hawakuwahi kununua hata plagi, leo kila mmoja ana hisa! Nami nilikuwa mmoja wao.

Mama yetu, koko kama wajukuu wanavyomwita, alitusikiliza wote kwenye simu. Kisha akasema, "Baba yenu hakuinunua itazamwe. Na mimi bado nipo. Mbona hamkuniuliza?" Akainuka, akatoa kadi kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Kadi bado ina jina la marehemu.

Hapo nawakumbusha wasomaji jambo ambalo familia nyingi tunalisahau. Chombo cha marehemu hakihami jina kwa maneno ya mdomo. Familia inakaa kikao, inapendekeza msimamizi wa mirathi, mahakama inamteua, ndipo mnakwenda TRA kubadilisha umiliki. Kubadili rangi au injini nako kunatakiwa kuingizwa kwenye kumbukumbu za chombo. Usingoje askari akusimamishe ndipo uanze kutafuta kadi.

Jumamosi tukaisukuma mpaka kwa fundi mmoja mzee. Kijana alikuwa tayari amenunua petroli, anataka kumimina. Fundi akamshika mkono.

"Umechanganya oili?"

Hakuwa amechanganya. Amezoea Boxer, ambazo oili yake hukaa peke yake kwenye injini. Vespa hizi za zamani hunywa oili pamoja na petroli. Nyingi za miaka ya baadaye huhitaji kama mililita 20 kwa kila lita. Ukisahau, pistoni inakauka na kukwama. Kijana akanyamaza, akachukua kalamu, akaandika kwenye daftari lake.

Kisha akamwonyesha fundi mchoro. Mzee akaucheka kidogo, akagonga bodi kwa bisibisi. "Pikipiki nyingine zina fremu ndani, bodi ni nguo tu. Hii haina fremu. Hili bati ndilo linalokubeba. Ukilikata, siku moja itavunjika ukiwa juu."

Mimi nilikuwa nimekataa kwa sababu ya kumbukumbu zangu. Fundi alikataa kwa sababu aliyoweza kuigonga kwa bisibisi. Kijana alimwelewa fundi, na simlaumu. "Usiguse" yangu haikumfundisha chochote.

Jioni tulikaa, koko akiwa mwenyekiti, kaka na dada kwenye simu. Tukaandika makubaliano kwenye daftari lile lile. Chombo ni cha familia. Hakiuzwi bila koko kukubali. Rangi, siti, taa na vioo anachagua kijana, kwa kuwa ndiye anayefanya kazi. Bodi haikatwi, na ekzosi haitobolewi, maana jirani ana mtoto mchanga. Vipuri tunachangia ndugu watatu sawa kwa sawa. Hakuna anayeendesha bila leseni na kofia ngumu, hata kwa kwenda dukani. Hilo la mwisho lilimgusa kijana mwenyewe: ataitengeneza, lakini atangoja atimize miaka 18 na apate leseni. Alikunja uso, akasaini.

Nilidhani tumemaliza. Binti yangu wa miaka 13, ambaye siku nzima alikuwa ameshika tochi na kusafisha kabureta kwa mswaki wa zamani, akauliza, "Na mimi zamu yangu ni lini?"

Tulitazamana. Tulikuwa tumewagawia haki mpaka binamu walioko Arusha, wavulana watupu, ambao hawajawahi kuiona. Jina la aliyekuwa na grisi mikononi halikuwepo.

Kaka akaanza kusema pikipiki si ya wasichana. Koko akamkatiza: "Usiku ule mimi nilikaa nyuma na mtoto, baba yenu akishindwa kuona njia kwa mvua. Ningejua kuendesha, tungepokezana." Kaka hakuongeza neno. Jina la binti likaandikwa.

Bado haijawaka. Tunangoja waya wa klachi na mpira wa gurudumu la nyuma, na mirathi ndiyo kwanza tumeanza. Lakini kuku wamehamishwa, na kila jioni nawakuta watoto wawili stoo wakibishana kuhusu rangi.

Mzazi mwenzangu, pita stoo kwako leo. Iwe cherehani, redio au baiskeli ya mzee, uliza ni ya nani, na kama mwenye kuitunza yumo kwenye orodha. Tukutane wiki ijayo.