Bloku za Mutombo Ziliandikwa, za Watoto Wetu Je?

Tangu mchezaji wa kikapu Mkongo, Dikembe Mutombo, afariki dunia kwa saratani ya ubongo, Septemba 30, 2024, akiwa na miaka 58, watu wanamsifu kwa urefu wake, sauti yake nzito na kile kidole alichokuwa akikitikisa baada ya kumnyima mtu kikapu. Mimi nafundisha watoto kikapu hapa Chemchem, Tabora, na ninachokishika zaidi ni hesabu yake: bloku 3,289, yaani mitupo aliyoizuia, katika misimu 18 ya NBA. Aliyemzidi ni mmoja tu, Hakeem Olajuwon wa Nigeria.

Mkongo si mgeni Tabora. Njia ya misafara iliyopita hapa kwenda Ujiji na kuvuka ziwa ndiyo iliyowaleta kutoka Kongo mababu wa familia nyingi za Wamanyema mjini kwetu. Mutombo alitoka mbali zaidi, Kinshasa, akaenda Chuo Kikuu cha Georgetown mwaka 1987 akitaka kuwa daktari. Mwaka 1994 timu yake ya Denver, ya nane upande wa Magharibi, iliing'oa Seattle iliyokuwa ya kwanza katika mchujo wa michezo mitano. Haikuwahi kutokea kabla. Katika michezo hiyo mitano alipiga bloku 31, na ya mwisho ilipokwisha alikuwa amelala chali sakafuni, ameushika mpira kwa mikono miwili, furaha imemjaa usoni.

Tunayajua haya kwa sababu mezani palikuwa na mtu anaandika. Bill Russell wa Boston alitwaa ubingwa mara 11, na ulinzi ndio uliokuwa silaha yake. Lakini NBA ilianza kuhesabu bloku rasmi msimu wa 1973-74, naye alistaafu 1969. Bloku zake hakuna awezaye kuzitaja.

Kijana wangu mmoja, mtoto wa muuza asali, ana mikono mirefu na hafungi. Kwenye mechi moja alizuia mitupo hadi wapinzani wakaogopa kuingia ndani, wakabaki kutupia mbali. Karatasi ya mezani ikasema: pointi sifuri, faulo tatu. Wachaguzi wa timu walisoma karatasi hiyo, wakampita. Iliniuma sana.

Mutombo alimpoteza mama yake, Biamba Marie, aliyeshindwa kufika hospitali kwa sababu ya machafuko. Akatoa mamilioni ya dola ya mfukoni mwake, na mwaka 2007 hospitali ya vitanda 300 yenye jina la mama huyo ikafunguliwa Kinshasa. Kwangu huyo ni mlinzi yuleyule.

Nawaomba walimu wa michezo wa Tabora: kabla ya UMISSETA ijayo, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, mezani aongezwe mwanafunzi mmoja mwenye daftari, aandike bloku, ribaundi na mipira iliyoporwa. Kompyuta haihitajiki. Mtupo ukizuiwa, achore mstari mbele ya jina la aliyeuzuia. Mchezo ukiisha, mwamuzi atie saini daftari hilo pamoja na karatasi ya pointi, na wachaguzi wapewe vyote viwili.