Jumapili Kanisani, Jumatatu kwa Mganga

Kuna maneno ambayo nimeyasikia kwa Wakristo wenzangu hapa Nyalikungu tangu nilipoanza kazi ya ualimu, na sasa nimevuka miaka sabini, bado nayasikia: "Mungu yupo, lakini na sisi tuna mila zetu." Husemwa kwa upole, mara nyingi msibani, na anayeyasema huwa ni mtu aliyebatizwa, mwenye Biblia nyumbani kwake, pengine mwimbaji wa kwaya. Nayapinga maneno hayo waziwazi kwa sababu najua yanakoelekea. Yanaelekea kwa mganga apigaye ramli, na kutoka kwa mganga yanaelekea mlangoni kwa bibi kizee mwenye macho mekundu.

Ndugu msomaji asinielewe vibaya. Mimi ni Msukuma na wala sioni haya. Asubuhi nasalimia "mwangaluka" na jioni "mwadila", na mavuno yakiisha napenda kutazama Bagika na Bagalu wakishindana kwa ngoma. (Dawa zao za kuvuta watazamaji ni habari nyingine.) Wala sina ugomvi na mizizi na magome. Nyanya yangu alitutibu matumbo kwa miti aliyoichimba mwenyewe, na Serikali inaitambua tiba asili kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 2002. Mkunga wa jadi na mtu anayejua mti wa kutuliza homa sina neno nao. Neno langu ni kwa nfumu anayemwambia mfiwa ni nani aliyemwulia mtoto wake.

Hebu tuitazame kazi hiyo inavyokwenda. Mvua zimeanza, mbu wamezaliana, mtoto anashikwa na malaria, anafikishwa hospitali akiwa amechelewa, anafariki. Daktari anasema ni malaria. Baba mtu anakubali kwamba ni malaria, hana ubishi na daktari hata kidogo. Lakini swali lake silo hilo. Swali lake ni nani aliyemtuma mbu huyo kwa mtoto huyu, akaacha watoto wa jirani. Hospitali haina dirisha la swali kama hilo. Mganga analo. Atauliza habari za ukoo, za mashamba, za ng'ombe wa mahari ambao hawajamalizika kulipwa, nani aligombana na nani wakati wa palizi. Kisha atasema mambo ya jumla: ni mwanamke, ni mtu mzima, si wa mbali, anakaa upande wa machweo, macho yake ni mekundu. Mara nyingi wala hataji jina. Jina hulitaja mteja mwenyewe njiani anaporudi, na hulitaja kwa uhakika kabisa, kama mwanafunzi aliyepewa jibu kabla ya mtihani.

Na macho mekundu ni nini katika nchi hii yetu? Miti ya Usukuma ilifyekwa, kwanza kwa ajili ya kuwaondoa mbung'o wakati wa Mwingereza, kisha kwa ajili ya pamba na mifugo. Mwanamke wa Maswa au Meatu ambaye hana kuni hupikia vijiti vya pamba, mabua, na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka. Hufanya hivyo ndani ya kibanda kisicho na dirisha kwa miaka hamsini. Ongeza trakoma, ongeza vumbi la Agosti. Macho hayo yamekuwa mekundu kwa kutupikia ugali sisi. Halafu mtoto aliyekula ugali ule anakua, anafiwa, analipa watu wenye mapanga.

Haya si mambo ya kusimuliwa na wageni. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012. Kabla ya hapo sisi tulikuwa Shinyanga, na jina la Shinyanga lilijulikana nchi nzima kwa mauaji ya vikongwe. Katikati ya miaka ya 1970 mauaji hayo yalizidi hata dola ikaingilia kati kwa nguvu kubwa, na baadhi ya watuhumiwa wakafia mikononi mwa vyombo vya usalama. Kwa sababu ya vifo hivyo, kati ya mwaka 1976 na 1977, Mzee Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani, ingawa si yeye aliyempiga mtu. Sungusungu walipozuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 walitusaidia sana dhidi ya wezi wa ng'ombe, lakini mahali pengine nao waliwageukia wanawake waliosemwa kuwa wachawi. Mwaka 2013 Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilitaja watu 765 waliouawa nchini kwa imani za uchawi katika mwaka huo mmoja, na 505 kati yao walikuwa wanawake. Kuhusu ndugu zetu wenye ualbino, mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulihesabu wasiopungua 75 waliouawa tangu mwaka 2000.

Serikali haikulala. Sheria ya Uchawi ipo tangu mwaka 1928. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alifuta leseni za waganga wa jadi wote, na mwaka 2015 wapiga ramli walipigwa marufuku tena. Lakini fikiri, ndugu yangu: marufuku humzuia muuzaji, mnunuzi anabaki na shida yake mfukoni. Mganga akifukuzwa Maswa, mteja atamfuata Bariadi, na akifukuzwa Bariadi atafuatwa porini. Kinachomweka mganga kazini ni sisi tunaokwenda usiku. Na mbele ya "sisi" huyo polisi hana la kufanya. Kanisa ndilo lingekuwa na la kufanya, kama lingetaka.

Msomaji wa Biblia anakumbuka habari ya Sauli katika Samweli wa Kwanza sura ya 28. Huyu ndiye mfalme aliyewaondoa wapiga ramli katika nchi. Kwa lugha yetu, alifuta leseni zao. Siku alipoona jeshi la Wafilisti na Mungu hakumjibu, alivua mavazi ya kifalme, akavaa nguo nyingine, akaenda Endori usiku. Nimeifundisha habari hiyo mara nyingi, na kila mara lililonishangaza si yule mwanamke wa Endori bali ni zile nguo. Sauli alijua analofanya. Ndiyo maana alijibadilisha. Wakristo wetu nao hawamfuati mganga wa kijiji chao wenyewe. Aliye Nyalikungu huenda Itilima, wa Itilima huenda Busega, na wote hupanda basi la alfajiri. Ahazia mwana wa Ahabu alikuwa mkweli zaidi: alipoanguka kutoka ghorofani alituma wajumbe mchana kweupe kwenda kuuliza kwa mungu wa Ekroni kama atapona. Eliya aliwakuta njiani na swali lake lilikuwa fupi: je, Israeli hakuna Mungu wa kuulizwa?

Hapo ndipo kiini cha ubishi wangu. Watu hudhani mashindano kati ya Mungu na mganga ni mashindano ya nguvu, nani ana dawa kali zaidi. Hata wahubiri wengi huhubiri hivyo. Sivyo. Mganga anamshinda Mungu katika jambo moja: yeye ana jibu la kila swali, na analo leo hii, kwa bei ya mbuzi. Mungu hana desturi hiyo. Ayubu alifiwa na watoto kumi, akauliza sana, na alipojibiwa hakutajiwa jina la mtu wala hakuelezwa sababu. Anayekubali kuongozwa na Mungu anakubali kubaki na kaburi la mwanawe bila jina la aliyemuua, pengine mpaka naye azikwe. Huo ndio mzigo wenyewe, na nauita mzigo makusudi, kwa maana sipendi wachungaji wanaosema imani ni nyepesi. Baba aliyefiwa ambaye anakataa kuuliza "nani" amefanya jambo gumu kuliko kufunga siku arobaini.

Tena haachwi alibebe peke yake kwa amani. Ukoo unakaa, unachanga fedha za kwenda kuuliza, na asiyetoa mchango anaanza kutazamwa. "Mbona wenzako tumetoa? Unaogopa ramli itasema nini?" Basi mtu mpole anatoa shilingi elfu tano, si kwa kuamini, bali ili asisemwe. Natamka wazi kwamba elfu tano hiyo imo katika bei ya panga. Wengi wa wale walionunua mauaji katika nchi hii hawakuwa wakatili. Walikuwa watu wasiotaka kuwa tofauti na ndugu zao.

Miaka ya 1990 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi ambayo sitaitaja. Wasichana wa darasa la sita na la saba walianza kuanguka na kupiga kelele, leo watatu, kesho kumi na moja. Wazazi waliitwa. Kabla sijamaliza kufungua mkutano, pendekezo lilikuwa tayari: kila kaya itoe mchango, aletwe mganga aoshe shule. Nilipouliza wangapi wanaunga mkono, mikono iliyoinuka ilikuwa pamoja na ya wazee wawili wa kanisa na ya walimu wangu watano. Niliwaambia mambo mawili. Kwanza, mganga hataingia katika eneo la shule nikiwa na funguo za ofisi. Pili, akija atataja mtu, na mimi nawajua akina mama wazee wote wanaoishi kuzunguka uwanja wetu, maana wanatuuzia karanga. Basi anayeinua mkono aniambie ni yupi kati yao yuko tayari kumpoteza. Mikono mingine ilishuka. Nilimleta tabibu wa zahanati, tukakuta watoto wengi hawakuwa wamekula tangu usiku, na wengine walikuwa na hofu kubwa ya mtihani wa darasa la saba. Tukaanzisha uji. Wiki ya tatu kelele zilikwisha. Na wazazi walisema nini? Walisema mwalimu mkuu ana dawa yake, kali kuliko ya mganga, ndiyo maana hakutaka mwenzake aje. Katika Chuo cha Ualimu Butimba tulifundishwa mengi, lakini namna ya kujibu hilo hatukufundishwa.

Sasa limekuja jambo jipya, na linanitia hofu kuliko yale ya zamani. Ramli imehamia kwenye kipaza sauti. Anasimama mtu aliyevaa suti, anajiita nabii, anamwambia mama mjane mbele ya umati kwamba mikosi yake inatoka kwa "mama mmoja wa upande wa baba, mnene kidogo, mnakaa naye karibu". Halafu anamwuzia maji na mafuta. Tofauti yake na mganga wa Meatu ni nini, zaidi ya suti na jina la Yesu? Shangazi yule ametajwa. Usiku huo atalala katika nyumba ileile ya udongo, na vijana wa ukoo wamesikia. Mwaka 2011, Watanzania wengi walipokwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha marehemu Mchungaji Ambilikile Masapila kwa shilingi 500, mimi sikwenda na niliwashauri wagonjwa wasiache dawa za hospitali. Lakini namtendea haki mzee yule: sikusikia kwamba alimwambia mgonjwa yeyote ni nani aliyemroga. Hawa wa leo hawana haya hiyo.

Na kanisa langu je? Nimekaa katika baraza la wazee wa kanisa kwa miaka mingi. Nimeshuhudia binti akitengwa kwa kupata mimba, huku kijana aliyempa mimba akiendelea kupiga gitaa. Nimeshuhudia mzee akitengwa kwa kuonekana kilabuni na kata ya pombe ya mtama. Sijashuhudia hata mara moja mtu akiulizwa na baraza kama alichanga fedha za ramli baada ya msiba, ingawa wote tuliokaa pale tulijua nani alichanga, na safari ilikuwa ya lini, na basi lipi. Wamisionari walikataza ngoma, jambo linaloonekana na kusikika hadi kilometa tatu, wakaiacha ramli kwa sababu haipigwi ngoma. Tulirithi macho yao.

Napendekeza jambo la kawaida kabisa. Kanisa likishazika, wazee wawili warudi katika nyumba ile siku ya tatu, na ya saba, na mwezi ukiisha, wakae na wafiwa saa ile ya usiku ambapo mashauri ya mchango huanza, na wawepo tu. Na bibi yeyote katika mtaa ambaye jina lake limeanza kunong'onwa, atembelewe mchana kweupe na mchungaji mwenyewe, ale ugali wake, watu waone. Kama fedha zipo, ajengewe jiko lenye bomba la kutolea moshi.

Kikao chetu kijacho ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Nimeandika barua kuomba shauri hili liingizwe katika ajenda. Katibu amenijibu kwamba limepokelewa, na kwamba litajadiliwa, muda ukiruhusu, chini ya "Mengineyo".