Usisugue Ndururu za Kogo

Wewe uliyetoka Longisa ukaja mjini, ukirudi nyumbani muulize kogo kuhusu lile kopo lake. Huenda lina ndururu zenye tundu na shilingi za King George zenye simba. Sasa mtandaoni kuna jamaa anayeahidi milioni kwa moja, bora kwanza utume "ada ya usajili" kwa M-Pesa. Usitume hata bob moja. Mnunuzi wa kweli anakulipa wewe.

Soko halisi lipo, ila linaendeshwa na uaminifu. Huko Marekani, kampuni ya PCGS ilianza mwaka 1986 kukagua sarafu, kuzipa alama hadi 70 na kuzifungia ndani ya kasha la plastiki. Leo wakusanyaji wanayasaka makasha ya miaka ile ya mwanzo, na wanaongeza pesa juu. Si plastiki wanayoipenda. Wengi wanaamini wakaguzi wa wakati huo walikuwa wakali, na sarafu haijaguswa tangu ifungwe.

Ndiyo maana usisugue za kogo kwa ndimu wala majivu. Iking'aa hivyo, thamani imeanguka. Shilingi za 1921 hadi 1946 zina robo ya fedha halisi. Za 1948 kuendelea ni shaba na nikeli tu. Nyingi zilitengenezwa kwa wingi, kwa hivyo usitarajie ploti.

Ziweke pakavu, uliza bei kwa watu kadhaa, na bonasi ya majani chai ibaki kwa kogo.