Meli Ilivuka Mlima, Mtu Anashindwa Ngazi



Safari yetu ya kutembelea bandari ilitufurahisha, lakini ilituachia neno moyoni. Ile meli ya zamani ilikuwa na ngazi moja tu, ya chuma, nyembamba na ya kusimama wima. Mwenzetu anayetembea na magongo aliitazama, akasema: "Muende, miye nitachunga mifuko." Tukaenda kweli. Tuliporudi tukamuelezea yote, naye akacheka. Siye hatukucheka.

Katika masomo ya historia tulijifunza namna meli zilivyofika kwetu. Mwaka 1915 Waingereza walileta mashua mbili za vita, Mimi na Toutou. Zilishuka Cape Town, zikapanda treni mpaka Fungurume, zikakokotwa na mashini, ng'ombe na watu juu ya milima ya Mitumba, zikashuka mto Lualaba, mpaka Lukuga, pale Kalemie. Wajerumani nao walijenga Graf von Götzen kule Papenburg, wakaifungua vipande vipande, wakaitia katika masanduku na kuipeleka Kigoma. Ndiyo ile iliyorudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba.

Basi tunauliza: kama watu waliweza kuvusha mashua juu ya mlima sababu ya vita, tunashindwa namna gani kupandisha mtu mmoja mita mbili?

Wengine watajibu: "Meli ya zamani haifai kutobolewa mlango, itaharibika." Neno hilo ni la kweli. Lakini kuna njia ingine. Kule Stockholm, meli Vasa ilizama mwaka 1628, ikatolewa majini mwaka 1961. Mgeni wa kawaida haruhusiwi kuingia ndani yake. Walijenga nyumba yenye ghorofa kuizunguka, na lifti ndani, ili kila mtu aione toka chini mpaka juu. Kule Bristol, SS Great Britain ya mwaka 1843 iko katika gudi kavu, na mtu wa kiti cha magurudumu anafika mpaka ndani kwa lifti.

Siye hatuna lifti, tunajua. Lakini mbao mbili nene zilizopigwa misumari, zenye mteremko mrefu na kamba ya kushikilia pembeni, si mali nyingi. Tena, mbele ya kila safari, watu wawili watangulie kutazama njia: gari linasimama wapi, kuna matope, kuna ngazi ngapi? Na kama njia haiko, tuchague pahali pengine, ama tutazame wote toka ngamboni.

Kuchunga mifuko si kazi ya mtu mmoja kila mara. Safari ijayo, tufike wote ama tubaki wote.

Ni siye, wanafunzi wa mwaka wa tano.