Hiyo Video ya Duma Ina Bei

Wasee, tuambiane ukweli. Mwaka jana nilienda Maasai Mara kutafuta kontenti. Duma alikuwa ananyatia swala, amebakisha hatua chache tu. Magari yakamzingira, nilihesabu 14, letu likiwa mbele. Swala akashtuka, akatoroka. Duma akabaki amelala hapo, tumbo tupu. Mimi nikavuna laiki.

Duma huwinda sana sana mchana, saa zilezile sisi tunazunguka na simu. Utafiti wa Mara uliochapishwa 2018 ulipata kwamba palipojaa watalii, duma jike hulea wastani wa watoto 0.2 mpaka wajitegemee. Penye watalii wachache? 2.3. Chuo niliacha, lakini hiyo hesabu naielewa.

Na msiniletee ile ya "ni makosa ya dere." Dere anajua sheria: magari matano tu kwa mnyama. Ni sisi humwambia "songa kidogo tu, boss," huku tunamwonyesha noti.

Mnyama akiacha kuangalia windo lake akuangalie wewe, ushakaribia sana. Rudi nyuma.

Ile video yangu nimefuta. Yako bado iko?