Mwenye Duka Asihame na Baraza

Katika miji yetu ya pwani duka laweza kufungwa, mwenyewe akahama, na baraza iliyo mbele ya mlango ikabaki pale pale. Wazee wataendelea kukaa, bao litachezwa, kahawa itanywewa. Lakini siku hizi kuna baraza za namna nyingine, ambazo mwenye duka akihama huondoka nazo. Hizo ndizo nitakazo kuzizungumza leo, kwani zinawagusa vijana wetu wa Mombasa na Lamu, na wa Garissa vile vile, wanaotoa shilingi zao kucheza mpira wa mashine.

Kampuni ya Nintendo ya Japani ilianza mwaka 2005 kuwakutanisha wachezaji wa mashine zake kwa njia ya intaneti. Mtoto aliyeko Osaka aliweza kushindana na wa London, kila mmoja nyumbani kwao. Tarehe 20 Mei, 2014 huduma hiyo ikafungwa. Mashine zilikuwa nzima, michezo ilikuwa imelipiwa, ila mahali pa kukutania palikuwa pametoweka. Miaka minne kabla yake, tarehe 15 Aprili, 2010, Microsoft iliufunga mtandao wa mashine zake za kwanza za Xbox. Wachezaji wachache wa Halo 2, ambao baadaye walibaki kumi na wanne, walikataa kuzima mashine zao, kwa kuwa aliyezima hakuweza kurudi tena. Wa mwisho wao alitoka mwezi wa Mei.

Hapo ndipo wajuzi wa kujitolea walipoingia kazini. Mashine ya gemu haijui njia. Kila inapotaka kuunganishwa hutaja jina la seva, ikapewa namba ya anwani, mfano wa mgeni aulizaye nyumba ya fulani. Wajuzi hao waliyasikiliza mazungumzo baina ya mashine na seva ya kampuni, neno kwa neno, kisha wakaandika programu yao wenyewe yenye kujibu vile vile. Mchezaji naye hubadili anwani katika mashine yake, au huurekebisha kidogo mchezo wenyewe, na yule mgeni akaelekezwa nyumba mpya. Hivyo ndivyo ulivyozaliwa mtandao wa Wiimmfi mwaka ule ule wa 2014. Mwingine, uitwao Pretendo, umejengwa kwa ajili ya mashine za 3DS na Wii U, ambazo michezo yake ilifungiwa mtandao rasmi tarehe 8 Aprili, 2024. Yote miwili imejengwa bila ya idhini ya kampuni.

Msomaji ataniuliza, ya Japani yaihusu nini Garissa? Mimi naona watu wa Kaskazini Mashariki wanayajua mambo haya kuliko wengi wetu. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991, posta na simu za Somalia zilikufa pamoja nayo. Watu wakakimbilia Kenya, na kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zikajengwa karibu na Dadaab mwaka 1991 na 1992. Mama yuko Ifo, mwanawe yuko Kismayu. Ni nani wa kuwaunganisha? Waliowaunganisha ni wenye mitambo ya simu ya upepo, ambayo Wasomali huiita taar. Mjumbe alitumwa kumtafuta aliyeitwa, naye akaja akazungumza kwa zamu, huku wengine wenye mitambo wakiweza kuyasikia ya nyumbani kwake. Serikali haikuipenda mitambo hiyo, na polisi waliifunga mara kwa mara. Hata hivyo, habari za vifo na ndoa zilipita humo, na amri za kulipa hawala pia.

Hawala zenyewe zilikuja kupata msukosuko wao. Aprili 2015, baada ya yale mauaji ya chuo kikuu cha Garissa, serikali ilizisimamisha kampuni 13 za kupeleka pesa, na hazikuruhusiwa tena mpaka Juni. Sababu ya usalama ilitolewa, na si nia yangu kuijadili hapa. Nasema tu kuwa jamaa waliotegemea fedha za Nairobi au Minnesota walionja maana ya kuamka asubuhi na kukuta mlango umefungwa na mtu aliye mbali.

Simlinganishi mtoto anayetaka mchezo na mama anayemtafuta mwanawe. Shida zao hazilingani hata kidogo. Jambo linalofanana ni hili: watu wakishazoea kukutana, kumfungia mmoja mlango ni kuwafungia wote, na wao watatafuta njia.

Sisi tuliosoma chuoni tulifundishwa kutofautisha bei na ijara. Ukiuza, kitu kimekutoka. Ukikodisha, utaje muda na ujira. Kampuni hizi huuza kwa sauti ya bei na kufunga kwa hukumu ya ijara. Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 46, yampa mnunuzi haki ya kupata habari za kumwezesha kukifaidi kikamilifu alichonunua. Jimbo la California, kwa sheria iliyoanza kazi mwaka 2025, linawataka wauzaji wa vitu vya kidijitali waseme wazi kama wanachouza ni leseni tu. Huko Ulaya kampeni ya Stop Killing Games, iliyoanzishwa 2024 baada ya Ubisoft kuuzima mchezo wake wa The Crew, ilipata saini zaidi ya milioni moja mwaka uliofuata.

Wajenzi wa seva nao wana wajibu. Anayeshika seva ameshika majina na maneno ya watu, na hiyo ni amana. Asiifanye njia ya kuuza nakala za wizi, wala asijitie kuwa yeye ndiye kampuni.

Mimi nataka mambo mawili. Muuzaji aandike juu ya boksi muda atakaoitunza huduma, na siku ya kuifunga asiwasumbue watakaoiendeleza. Kisha vijana wa Garissa, ambao wazee wao walizungumza kwa taar pasipo simu wala posta, wafundishwe shuleni namna seva inavyojengwa. Wakijua kujenga, hawatangoja ruhusa ya mtu wa Japani ili wakutane na wenzao.